Kamera ya jamaa iwe na masikio

Kiangazi kikiingia, hapa kwetu Kipushi ndoa zinafuatana sawa malori kwenye barabara ya Lubumbashi. Katika kila kikao cha jamaa, kisha kumaliza maneno ya mahari, ya mahema na ya bia, kuna mtu anayeuliza: na video, nani ataifanya? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Waliita kameramani, walimpa nusu ya franga mbele na nusu nyuma, basi. Leo jamaa nyingi zinajiuliza kama haifai kuwa na kamera yao wenyewe, na wakifika dukani wanachagua namna wanavyochagua televizyo: ile yenye picha ya kung'aa zaidi. Mimi nataka kuandika juu ya chaguo hilo. Msomaji wa kitabu hiki anaweza kushangaa: kamera na mila, wapi na wapi? Lakini mimi naona kwamba mila zetu nyingi sasa zinapita ndani ya kile chombo kidogo, na mara nyingi zinabaki humo, hazitoki tena.

Mila yetu sehemu kubwa ni maneno. Nguo ya bibi-arusi imetoka Dubai, keki imetoka Lubumbashi, wimbo umetoka Kinshasa. Kile kinachotoka kwetu ni maneno: mujomba anaposimama kupokea mahari, mama mzee anapomwambia binti nani alizaa nani, kasala ya Baluba inayoita marehemu kwa majina yake yote na ya babu zake, matusi ya kuchekesha ambayo Babemba wanaruhusiwa kumwaga kwenye kilio cha mtu wa ukoo ambao ni banungwe wao. Ukiondoa sauti, kasala inabaki mtu mmoja anayefungua mdomo na kulia. Banungwe wanabaki watu wasio na adabu kwenye matanga.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mwaka 1998 yaya wangu aliolewa. Mujomba wetu, yaya wa mama, alipokea mahari. Ndani ya orodha ya vitu, kati ya suti ya baba, vitenge vya mama, mablanketi, mbuzi na mfuko wa chumvi, kulikuwa na jembe moja. Mujomba alilishika lile jembe mikononi akasema, labda dakika kumi, kidogo kwa Kilamba, kidogo kwa Kiswahili, kwa nini mabinti wa jamaa yetu hawatoki bila jembe. Alifariki mwaka 2011. Mwaka huu mtoto wa kwanza wa yule yaya amepata mchumba, na jamaa ikaanza kubishana. Wengine wanasema jembe ni mambo ya kijijini, tuliondoe, tena vijana wa siku hizi watatucheka. Wengine wanasema hapana, ni lazima. Lakini tukiulizana ni lazima juu ya nini, kila mmoja ana kipande chake. Mmoja anakumbuka kwamba ni juu ya njaa fulani ambayo bibi mmoja aliishinda kwa kulima peke yake. Mwingine anasema ni juu ya kaburi. Mama mukubwa, mwenye miaka 80 na zaidi, anasema ni lazima bila maelezo, juu siku ile yeye alikuwa nyuma ya nyumba akipika bukari ya wageni.

Basi binti akasema: si kuna kaseti? Kweli kuna kaseti. VHS, ndani ya kisanduku chake cha maua mekundu, imefungwa kwa plastiki, haina hata vumbi. Tulipeleka Lubumbashi kwa kijana anayehamisha kaseti kwenye diski. Picha ilitoka vizuri kushinda tulivyotumaini. Mujomba yuko pale, na koti lake la kahawia, jembe mkononi, mdomo unatembea, mkono unaonyesha upande wa mto, watu wanaitika kwa kichwa. Na sauti ni ya gitaa. Toka mwanzo mpaka mwisho, rumba. Yule kameramani, alipokuwa anatengeneza kaseti ya kutupatia, alifuta maneno akaweka muziki ili ipendeze. Ndiyo ilikuwa mtindo. Na ile kaseti-mama, ile ya kwanza iliyotoka ndani ya kamera, aliifutia ndoa nyingine wiki iliyofuata, sawa walivyofanya wengi, juu kaseti tupu ilikuwa bei.

Simlaumu. Hakuna mtu wa jamaa aliyemwambia kwamba yale maneno yana kazi.

Wengine wameliona jambo hili mbele yetu, na hapa hapa Katanga. Mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichorea Johannes Fabian, profesa aliyekuwa anafundisha Lubumbashi, historia yote ya Zaire kwa picha, moja nyuma ya nyingine, zaidi ya mia moja. Fabian hakuridhika na kununua picha. Aliweka magnetofoni mezani, Tshibumba akaeleza kila picha kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga. Kitabu kilitoka mwaka 1996, na mtu akikisoma anaona kwamba bila yale maelezo nusu ya picha zingebaki mafumbo. Kinyume chake ni kazi ya Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978. Mwaka 2006, katika picha zake alizoziita Mémoire, alichukua wafanyakazi wa zamani kutoka kwenye foto za wakati wa wakoloni, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Ni picha zinazomkamata mtu moyoni. Wale watu wanatutazama uso kwa uso. Lakini majina yao hatuyajui, na hawatatuambia kitu. Walipigwa picha na watu ambao hawakuwa na haja ya kusikia wanasema nini.

Sisi wa Kipushi tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mji wetu ulizaliwa na mgodi, ule walioita Prince Léopold, na Union Minière ikaleta watu kutoka kila upande. Babu yangu aliingia kazi katika miaka ya 1930. Ndani ya kambi, Mluba alikaa mlango kwa mlango na Mbemba, Mlamba na Mchokwe, na mila zikachanganyika ndani ya Kiswahili. Halafu mgodi ukafungwa mwaka 1993. Miaka ile ile watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakaondoka na treni, wengi bila kubeba hata albamu ya foto. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliachishwa kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Mgodi umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024, na nyuso mpya zimejaa, lakini wazee waliojua nani ni nani wameisha ao wametawanyika. Mtoto wa dada yangu yuko Ndola, mwingine Johannesburg, mwingine Liège. Wao wote wataiona ndoa ndani ya kioo. Watakachosikia pale ndicho watakachojua.

Sasa turudi dukani.

Mpwa wangu mmoja, fundi wa simu, alisema mu kikao: “Mujomba, hizi kamera ni bintu bya zamani. Simu yangu inakamata muzuri kabisa, franga ya bure tu munapoteza.” Hakusema uongo. Simu nzuri ya leo inapiga picha kushinda kamera nyingi za jamaa za miaka ishirini iliyopita, na madukani kamera mpya za namna hiyo zimepungua juu simu zimekula soko lao. Kwa salamu, kwa mtoto anayepiga hatua ya kwanza, kwa chakula cha mwaka mpya, simu inatosha. Lakini kikao cha mahari kinaweza kuchukua saa tatu. Simu inalia katikati. Inajaa. Betri inaisha saa ile mzee anasimama. Mwenye simu ni mgeni wa kwanza kuitwa nje. Kisha video inatumwa kwa WhatsApp, nayo inaminywa mpaka uso wa mzee unakuwa ukungu. Miezi sita nyuma simu imeuzwa ao imeibiwa, na mujomba ameenda nayo. Kamera ina faida moja kubwa isiyosemwa na wauzaji: haina kazi nyingine.

Kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye kamera ni tundu. Tundu dogo la mikro, lile la milimita 3,5, na kando yake tundu la visikizi vya masikio. Kamera nyingi za bei ya chini hazina. Muuzaji atakuonyesha zumu, atakuonyesha kioo kinachogeuka, atakuonyesha idadi ya pikseli. Wewe muombe akuonyeshe tundu. Mikro iliyo ndani ya kamera iko karibu na yule anayeishika, kwa hiyo inasikia kwanza pumzi yake, kidole chake, na watoto wanaocheza karibu yake. Mzee aliye mita tano mbele anasikika kwa mbali, chini ya jenereta la jirani. Waya wa mita tano na mikro ndogo ya kufunga kwenye koti, vyote bei yake si hata robo ya bei ya kamera, vinageuza kila kitu. Na visikizi ni juu ya kujua palepale kama waya umetoka, badala ya kujua wiki mbili nyuma.

Kabla ya kulipa, fanya hivi. Mwambie mwenzako asimame mlangoni, fasi kelele ya barabara inaingia, ahesabu mpaka ishirini kwa sauti ya mzee aliyechoka. Kamata video, kisha sikiliza. Kama huwezi kuandika zile namba kwa karatasi, rudisha kamera mezani. Nilifanya hivyo Lubumbashi mu maduka matatu. Muuzaji mmoja alicheka: “Mwalimu, tuko mu dikte?” Nilimwambia ndiyo.

Juu ya picha nitasema machache. Wauzaji wanasifu 4K. Ni nzuri, lakini saa moja ya 4K yaweza kujaza giga 45 ikiwa kamera inaandika megabiti 100 kwa sekunde, na ordinateri nyingi za majumbani kwetu zinakwama zikijaribu kuifungua. Ile ya HD ya kawaida, kwa megabiti 17, inachukua giga 7 na nusu hivi kwa saa. Kadi ya giga 32 inabeba karibu saa nne, maana yake kikao chote cha mahari na soda zake. Zumu itazamwe ile ya kioo cha kweli, siyo ile ya hesabu ambayo inakuza madoadoa tu. Kisimamio cha miguu tatu ni cha lazima, juu mkono wa mtu hauvumilii saa tatu. Betri mbili, tena kubwa, kwa sababu kila mmoja wetu anajua namna umeme unavyokuja na kuondoka.

Sokoni, hata huko commune Kenya, utakuta pia kamera za mtumba za kaseti ndogo, zile MiniDV za tangu 1995, kwa bei ya kutia tamaa. Zilikuwa kamera nzuri sana, pengine sauti yao inashinda ya zile ndogo za sasa. Lakini kaseti zake utazitoa wapi, na kesho utazichezesha ndani ya nini? Kiwanda cha Funai cha Japani, kilichokuwa cha mwisho kutengeneza mashine za kuchezesha VHS, kiliacha mwaka 2016. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha watunzaji wa sauti na picha walipiga kengele: kaseti ambazo hazijahamishwa kufikia mwaka 2025 zaweza kupotea kabisa, siyo tu kwa kuoza, bali kwa kukosa mashine na mafundi. Mwaka ule umefika. Mwenye kaseti chini ya kitanda asingojee kiangazi kingine. Na akizipeleka kwa fundi, aombe nakala nzima, isiyokatwa, isiyotiwa muziki. Muziki utaongezwa kwenye nakala nyingine kama watoto wanataka kucheza.

Kuna swali ambalo dukani hawalijui: nani ataishika? Kameramani wa kulipwa anafuata franga. Macho yake yanaenda fasi noti zinaanguka, juu pale kuna matabishi, na fasi kuna uso mzuri. Yeye hajui kwamba yule mzee mwenye kofia, aliyekaa nyuma bila kusema kitu tangu asubuhi, ndiye atakayefunga kikao kwa maneno mawili. Mtu wa jamaa anajua. Kwa hiyo sisi tulichagua binti mmoja wa miaka kumi na tisa, mwenye mkono mtulivu, na tukamkalisha kando ya mama mukubwa, ambaye kazi yake ni kumgusa goti: sasa yule, sasa huyu. Vijana wa kiume walinung'unika. Lakini wao, mama mukubwa alisema, wanafilimu wenyewe.

Tulibishana zaidi juu ya fasi ambazo kamera haiingii. Kuoshwa kwa maiti, hapana. Hapo hakuna aliyebisha. Kuhesabiwa kwa franga za mahari, baba walitaka ushahidi, mama wakakataa: mtoto wetu si mfuko wa unga, asije akaona siku moja namna tulivyovutana juu yake. Mwisho tulikubali kwamba orodha itaandikwa kwa karatasi, na kamera itazimwa. Mafundisho ambayo mama wanampa binti ndani ya nyumba, mlango umefungwa, ndiyo yaliyonipa taabu mimi. Najua kwamba Audrey Richards, Mwingereza, aliangalia chisungu ya Babemba mwaka 1931 na akaiandika kitabu kilichotoka 1956, na leo kuna mabinti wa mjini wanaotafuta kitabu hicho ili kujua vitu ambavyo bibi zao walivijua bila kusoma. Nilileta sababu hiyo mu kikao. Mama mukubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, kama inaingia mu kamera, itatoka mu kamera.” Sikupata jibu, na hata sasa sina. Mlango ulibaki umefungwa.

Kwenye kilio ni shida nyingine tena. Watu hawapendi kukamatwa wakilia, na wana haki. Lakini kasala na hotuba za wazee zinatoka pale pale, katikati ya machozi. Jirani yetu mmoja, Mluba, alipata njia: magnetofoni ndogo mezani, karibu na maji ya kunywa, bila picha yoyote. Sauti peke yake. Mimi ninaona ni heshima zaidi kushinda taa kali usoni mwa mjane, na ukisikiliza unaona watu wote.

Tulinunua kamera ya HD iliyotumika, ya kadi, yenye matundu mawili, na mikro ya waya. Inakaa kwa mama mukubwa, siyo kwa fundi wa simu. Kila kadi inanakiliwa nzima, folda zote, kwenye diski mbili: moja hapa, moja inaenda Lubumbashi kwa yaya. Wengi wanavuta faili moja tu na kuacha nyingine. Hawajui kwamba kamera inakata video ndefu vipande-vipande vya giga 2 ao 4, na hotuba ya mzee yaweza kuanza katika kipande kimoja na kuishia katika kingine. Kwenye karatasi tunaandika tarehe, fasi, na majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na lugha wanayosema. Kazi hiyo ya karatasi inachukua saa moja, na hakuna anayeipenda.

Juu ya jembe, jamaa iliamua litabaki kwenye orodha. Sababu hatujaikubali sote. Wakati tunangoja siku ya mahari, binti alianza kujizoeza kamera kwa kumfilimu mama mukubwa mchana, chini ya mwembe, mikro kwenye kitenge. Hakumuuliza jembe ni nini. Alimuuliza tu siku ile ya 1998 alipika nini, nani alikuwa naye nyuma ya nyumba, na nani aliingia kutoka sebuleni kuwaambia habari. Ilitokea kwamba watu wawili waliingia, na mmoja angali hai, yuko Kasumbalesa. Jumamosi tunaenda kumuona. Betri zote mbili ziko kwenye umeme tangu saa kumi, na kwa sasa umeme upo.